Wali wa Mgeni

Begi lilitangulia kushuka kwenye tuktuk, na lilishuka kwa taabu kuliko mwenyewe. Lilikuwa begi kubwa la magurudumu, gurudumu moja limevunjika, na tumboni limefungwa kamba ya katani kwa sababu zipu ilikuwa imeshakata tamaa kabla ya kufika Voi. Dereva alishika upande mmoja, Changawa akashika upande mwingine, wakalitua mbele ya nyumba ya baba yake, marehemu Karisa, hapo Mishomoroni, vumbi likatimka.

Wa kwanza kuona alikuwa Shangazi Pascalia, dada wa marehemu, anayekaa nyumba ya pili. Katika mtaa ule hakuna jambo lililowahi kutokea kabla Pascalia hajafika. Alipiga kigelegele kilichowatoa watu majikoni.

"Dhahabu! Dhahabu wee, toka nje! Mwanao kaja, na Nairobi yote kaifunga kamba!"

Changawa akacheka. Alicheka kwa sababu shangazi alikuwa amesema kweli tupu pasipo kujua. Mle begini mlikuwa na Nairobi yake yote: blanketi, mashuka, pasi, chupa ya chai, pazia, sufuria. Kiwanda cha plastiki alichokuwa akitunza stoo kilikuwa kimefungwa, mwenye nyumba alikuwa amebadilisha kufuli, na Nafula mkewe alikuwa amewachukua watoto akaenda nao kwao Bungoma mpaka mambo yakae sawa. Duniani kulibaki chumba kimoja tu ambacho Changawa aliweza kukiita chake, nacho kilikuwa humu, mlango wa kwanza mkono wa kushoto. Alikuwa amekuja kukiomba. Maneno yenyewe aliyapanga tangu Mtito Andei: Mama, kazi imekwisha, naomba chumba changu. Hata mtoto wa chekechea angeyakariri.

Mama Dhahabu alitoka akifuta mikono kwa leso, uso umemchangamka na kuingia hofu kwa pamoja.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba, baba, marahaba. Mbona hukunipigia simu? Ningepika kitu cha maana."

"Nimekuja tu, mama."

"Huja tu mtu na begi kama hilo?" Pascalia akadakia, macho yake yakiwa yameshaanza kufungua kamba.

Nyumba ile ni ya vyumba vinne, viwili huku na viwili kule, ukumbi umekata katikati kutoka mlango wa mbele hadi uani. Changawa aliingia, na mkono wake ukaenda wenyewe kwenye mlango wa kwanza wa kushoto. Kabla hajausukuma, ulifunguliwa kutoka ndani. Mwanamume mwenye taulo begani na mswaki mdomoni alimtazama, kisha akatabasamu kwa povu.

"Ah! Wewe ndio Changawa wa Nairobi? Mimi naitwa Kioko. Karibu sana, bro. Jiskie uko nyumbani."

"Ni mpangaji," mama alisema upesi nyuma yake. "Anafanya kazi ya makontena huko Changamwe. Kijana mzuri, halewi. Si ulisema mwenyewe?"

Ni kweli alikuwa amesema, kisha akasahau. Mwaka ule alipopandishwa cheo na kukabidhiwa funguo za stoo, alimpigia mama simu na kumwambia: pangisha chumba changu, mama, mimi si mtu wa kurudi kulala kwenye kitanda cha futi tatu na nusu, mimi nitajenga. Mama alishukuru Mungu, na Kioko akahamia. Kwa hiyo wa kulaumiwa hapa hakuwapo, isipokuwa yule bwana mkubwa wa kwenye simu.

Wakampeleka sebuleni, wakamkalisha kwenye kiti chenye vitambaa vya kufuma.

Katika nyumba ya Karisa kulikuwa na sheria mbili ambazo hata kifo chake hakikuzifuta. Mgeni haulizwi lililomleta mpaka ale ashibe. Na mgeni hula wali wa nazi, wenye nyumba wakala sima. Changawa alipokuwa mdogo aliwapenda wageni kuliko sikukuu, maana wakiondoka waliacha ukoko chunguni. Sasa sinia ilitua mbele yake peke yake: wali, kuku, ndimu iliyokatwa vizuri. Kule uani aliwasikia mama na dada yake Kafedha wakimega sima.

"Mama, njoo tule pamoja basi."

"Kula, baba. Sisi tushazoea ya huku nyuma."

Alikula. Alipomaliza akanawa, akasafisha koo.

"Mama, nina neno."

"Neno halikimbii." Mama hakumtazama usoni. "Kafedha! Muongeze nduguyo, sahani i tupu!"

Akaongezwa. Akala tena, na kila tonge lilivyoshuka lile neno nalo lilizidi kushuka. Alipojaribu mara ya pili, aliletewa mguu wa kuku. Mara ya tatu shibe ilikuwa imemfika shingoni, na Shangazi Pascalia alikuwa ameshaingia na kukaa karibu na begi, akilipapasa tumbo kama mkunga.

"Basi mwanangu," alisema, "umekula, umeshiba, Mungu apewe sifa. Hebu tupokee mzigo wetu."

Changawa angeweza kulisema hapo hapo. Mlango ulikuwa wazi kabisa. Lakini mlangoni walikuwa wamesimama jirani wanne watano na watoto wao, wote wamenyamaza kwa adabu, na mama yake alikuwa amekaa wima, leso ameinyoosha, uso wake una kitu ambacho Changawa hakukiona tangu siku ya harusi yake. Ilikuwa fahari. Akapiga magoti, akafungua kamba, akaingiza mkono bila kufungua begi lote, na kitu cha kwanza alichokishika akakitoa.

"Hili blanketi ni lako, mama."

Vigelegele. Blanketi likapita mkono kwa mkono, likasifiwa kwa uzito. Hakuna aliyeuliza kwa nini halina mfuko.

"Na hii chupa ya chai, Kafedha. Nilijua unauza mahamri."

"Ahsante," Kafedha alisema. Aliifungua, akachungulia ndani, akaifunga. Kafedha hakuwa mtu wa maneno mengi wala wa vigelegele.

"Na mimi je?" Pascalia akauliza, ameshatanguliza mikono.

Changawa akatoa pasi. Waya wake ulikuwa umezungushiwa tepu nyeusi mahali ulipowahi kukatika.

"Ala! Mbona imefungwa bandeji?"

"Ndivyo zinavyokuja sasa, shangazi. Ni usalama, isikupige shoti."

"Mtu wa Nairobi ana akili," Pascalia aliwaambia jirani, akaikumbatia pasi kifuani.

Hata Kioko alikuja kusimama mlangoni, akasema kwa utani, "Na mimi mtu wa nyumba, bro, nitoke hivi hivi?" Watu wakacheka. Changawa naye akacheka, akaingiza mkono, akatoa pazia. Lilikuwa pazia la buluu alilolikata mwenyewe kwa kipimo cha dirisha la chumba cha kwanza mkono wa kushoto, kipimo alichokijua kwa kichwa tangu utotoni. Kioko alishukuru sana. Baada ya muda mfupi akarudi kuwatangazia habari njema.

"Wacha! Imeingia hapo kwa dirisha fiti kabisa! Ni kama ulipima!"

Jumapili wakaenda kanisani Frere Town, Pascalia katangulia na gauni lililopigwa pasi. Katika kanisa hilo Changawa alibatizwa, akaimba kwaya ya watoto, akawahi kuchapwa kwa kuchezea kengele. Mzee wa kanisa aliposema wageni wetu wasimame tuwaone, Changawa alibaki ameketi kwa amani. Pascalia akamtia kiwiko cha mbavu.

"Simama. Unaitwa."

"Mimi si mgeni, shangazi."

"Simama, usituaibishe."

Akasimama. Wakamwimbia wimbo wa wageni, beti zote. Wakampa nafasi atoe salamu, akatoa salamu za Nairobi, ambayo haikuwa imemtuma. Mchungaji akamwambia kwa upole kwamba paa la darasa la chekechea linavuja, na kwamba Mungu huwakumbuka wanaokumbuka walikotoka. Waumini wakageuka kumtazama. Changawa akaitikia amina, akakaa.

Nje ya kanisa aliona jambo la kushangaza. Wanawake walikuwa wamemzunguka mama yake, wanamshika mikono, wengine wanafuta machozi.

"Nenda salama, Dhahabu. Usitusahau."

"Kule baridi, ubebe sweta."

Pascalia alikuwa ameshauambia mtaa na kanisa kwamba Changawa amekuja kumchukua mama yake akaishi Nairobi. Kwani begi kubwa vile lilikuja la nini, kama si kurudi na nguo za mama? Mama Dhahabu hakukubali wala hakukanusha. Aliwapungia mkono tu, akitembea polepole kuliko kawaida yake, na njia nzima hakumpa mwanawe nafasi ya kuanza neno.

Nyumbani alipikiwa wali.

Kukaa mgeni kwenu ni kazi ngumu, na malipo yake ni kuchoka bila kufanya lolote. Usiku alipewa kitanda cha mama, mama akalala kwa Kafedha. Changawa aliinuka aoshe kikombe chake, Kafedha akakipokonya. Alichukua fagio, mama akalia kana kwamba amemkuta akiiba. Asubuhi ya Jumatatu maji yalipotangazwa yamefika kwenye kioski, alishika mtungi wa lita ishirini, akafika nao mlangoni.

"Weka chini!" mama alisema. "Mgeni achote maji? Watu watasemaje, baba?"

"Mama, tangu niko darasa la pili nilikuwa nachota mimi."

"Ulikuwa mtoto. Sasa ni mtu mkubwa. Keti."

Akaketi. Alikuwa bado ameketi pale, dirisha la sebule likiwa wazi upande wa uani, aliposikia nazi ikikunwa kwa hasira.

"Mgeni huyu anaondoka lini?" Ilikuwa sauti ya Kafedha.

"Nyamaza, atakusikia."

"Na asikie! Nazi kila siku, mchele kila siku, kuku tumekula hata yule wa kutaga. Ile kodi ya Kioko imeingia yote tumboni mwake. Mwenye ardhi akija kutaka chake utampa nini? Utampa ukoko?"

"Nimesema nyamaza, Kafedha. Ni nduguyo."

"Ndugu yangu ningemkatia sima."

Changawa aliutazama ukuta. Nyumba ile ilikuwa yao, mawe yao na mabati yao, lakini ardhi iliyoibeba ilikuwa ya mtu mwingine, na wakala wake alipita kila mwezi hata mvua ikinyesha. Hakuwahi kujiuliza mama analipa kwa kitu gani. Sasa alijua. Analipa kwa chumba chake. Akimwondoa Kioko apate pa kulala, mama atakosa cha kula na nyumba itakosa pa kusimama. Lile neno alilotoka nalo Mtito Andei lilimkauka mdomoni, na kwa mara ya kwanza tangu kiwanda kifungwe Changawa aliona haya hasa, haya za peke yake, zisizohitaji jirani wala kanisa.

Akaamua kuondoka. Kwenda wapi, hakujua. Angesema likizo imekwisha, angebeba begi lake, na begi sasa lilikuwa jepesi: lilibaki na nguo, mashuka na sufuria.

Alikuwa anafunga kamba Shangazi Pascalia alipoingia na pasi mkononi, ameishika kwa ncha ya vidole, na mtaa nyuma yake.

"Changawa! Njoo hapa uniambie. Hii pasi umeinunua wapi?"

"Kwani imefanya nini, shangazi?"

"Imefanya nini? Gauni langu la kanisani limeshika rangi!" Akaigeuza. Chini, pembeni mwa bati, palikuwa na kipande cha kitambaa cha khaki kilichoungua kikagandia. "Pasi mpya ina nguo ya nani? Hii ni yunifomu. Hii pasi imepigishwa kazi miaka!"

Watu wakasogea. Kafedha alitoka uani na ile chupa ya chai, akaiweka mezani taratibu.

"Hata hii ina madoa ya majani ya chai ndani," alisema. "Nilinyamaza tu."

"Kumbe!" Pascalia akapandisha sauti. "Kumbe umetuletea mtumba wa nyumba yako! Sisi ndio wa kutupiwa vilivyochakaa? Tumekupigia vigelegele, tumekuombea kanisani, wallahi! Hebu fungua hilo begi tuone kilichobaki!"

Akalivuta. Kamba haikuwa imekaza, begi likapinduka, na sufuria ikatoka ikibiringika kwenye sakafu ya saruji, ikazunguka mara nyingi kabla ya kulala kifudifudi. Chini ilikuwa nyeusi tititi, ya kupikia ugali wa miaka.

 Hata Pascalia alinyamaza, jambo ambalo halikuwa na historia. 

Mama Dhahabu ndiye aliyeinuka. Aliiokota sufuria, akaipangusa vumbi kwa leso yake, akaishika mbele ya tumbo.

"Mimi ndiye niliyemwambia alete," alisema.

"Alete nini?"

"Vyombo vyake. Mtu anayerudi kwao haji na vyombo? Mwanangu anarudi, Pascalia. Zawadi mmejigawia wenyewe. Mlimpa hata nafasi ya kupumua?"

"Na chumba je? Atalala wapi?" Pascalia hakuwa mtu wa kushindwa mara moja.

"Chumba chake si kipo?"

Mlango wa kwanza mkono wa kushoto ukafunguka. Kioko akachungulia, uso umemshuka.

"Mama, kwani nahama?"

Mama Dhahabu akamtazama Kioko, akaliona pazia la buluu likipepea nyuma yake. Changawa alimwona anahesabu moyoni, akamwona amefika mahali ambapo uongo umemwishia.

"Huhami, Kioko. Rudi ndani," akasema. Kisha akaenda kwenye viti. Akaondoa kitambaa cha kwanza cha kufuma, akakikunja. Akaondoa cha pili. "Atalala hapa. Kafedha, nishikie viti hivi tuvitoe. Sebule imekwisha. Mgeni mwingine akija atakaa barazani, akitaka."

Jirani walitawanyika, maana habari walishaipata na ilihitaji kupelekwa. Pascalia aliondoka wa mwisho.

"Na pasi siirudishi," alisema mlangoni.

Walibaki wawili, mama na mwana, katika chumba kilichokuwa na alama za miguu ya viti sakafuni.

"Kazi imekwisha, mama," Changawa alisema. Yalikuwa maneno yale yale, na hayakuwa mazito kama alivyodhani.

"Najua."

"Tangu lini?"

"Tangu ulipolitua begi. Lililia vyombo. Mashati hayalii, baba."

"Sasa mbona ulinyamaza? Kila nikitaka kusema unanipakulia!"

Mama alikaa kwenye begi, sufuria bado i mikononi. Aliichubua masizi kwa ukucha.

"Ukisema wewe, ingenibidi niseme na mimi. Kwamba ninakula kodi ya chumba chako. Kwamba kuku walikuwa hao tu." Akaigeuza sufuria. "Na kanisani, Changawa, waliponishika mikono. Hakuna aliyewahi kunishika vile. Nilitaka niwe mama wa mtu wa Nairobi, siku mbili tatu tu. Siendi Nairobi kokote, lakini kuagwa kulinipendeza."

Changawa alilia. Hakujificha wala hakusingizia moshi. Mama alimwacha alie, kisha akamgusa bega kwa sufuria.

"Nafula yuko wapi na watoto?"

"Kwao, Bungoma."

"Tukijipanga waite. Waje na begi dogo, tafadhali." Akainuka, na sauti ikarudi ile ya zamani, ile ambayo Changawa alikuwa ameisahau kama inaweza kumpasua mtu kichwa. "Kafedha! Hiyo nazi weka! Leo songa sima, uchume na mboga ya mchunga pale nyuma. Na wewe umekaa hapo unafanya nini? Maji yatafungwa saa hii! Au unangoja nikuchotee?"

Akachukua mtungi. Hakuna aliyemzuia.

Kwenye kioski foleni ilikuwa ndefu, mitungi ya manjano imepangwa hadi kwenye ukuta wa msikiti. Mwenye kioski alimwona akitokea, akanyoosha mkono kwa ukarimu.

"Karibu, mgeni wetu wa Nairobi! Mpisheni, jamani, mgeni achote kwanza."

Watu wakaanza kusogeza mitungi yao. Changawa alishapiga hatua, kwa mazoea ya siku hizo chache, aliposikia sauti kutoka katikati ya foleni.

"Mgeni nani?" Shangazi Pascalia alikuwa amesimama juu ya mtungi wake, mikono kiunoni. "Huyo hana safari, huyo karudi. Leo anakula sima, nimeuliza. Aende nyuma huko akapange foleni kama sisi!"

Watu wakarudisha mitungi yao. Changawa akaitikia, "Naam, shangazi," akaenda nyuma kabisa, akauweka mtungi wake chini ukutani, wa mwisho.